Desemba 25 Kwao ni Siku Gani?

Krismasi ya 2025 iliangukia Alhamisi. Alfajiri ya siku hiyo simu yangu ililia ujumbe wa sauti kutoka Maskati, Oman, kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye huu ni mwaka wake wa nne huko katika kazi za ndani. "Heri ya sikukuu, mdogo wangu. Mimi huku ni Alhamisi tu. Madam ana wageni mchana, hapa nachambua mchele." Kwa mbali ulisikika mchele ukigonga sinia. Hazikupita saa nyingi, jamaa yetu mwingine aliyeko Dubai akatupia kwenye kundi la familia picha yake kasimama chini ya mti wa Krismasi unaopita ghorofa tatu za jengo la maduka, taa zimewaka, Santa pembeni anapiga picha na watoto waliovaa kanzu. Baba mdogo akauliza: "Sasa hawa wenzetu wa Ghuba wanaisherehekea au hawaisherehekei?" Kundi zima likanyamaza.

Swali la baba mdogo limefunga mizigo mitatu kwa kamba moja. Upo mzigo wa serikali, ambao ni kalenda: watu waende kazini au wabaki nyumbani. Upo wa kanisa: je, waumini wana pahali pa kusali bila kubughudhiwa? Na upo wa soko: miti, taa, keki, punguzo la bei. Sisi tuliokulia Tanzania na Kenya tumeizoea ikija yote pamoja, kwa hiyo tukiona mmoja tunadhani miwili mingine iko njiani. Ukivuka mpaka unakuta imetengana, na pengine ule uliopo ndio usioutarajia.

Anza na Japani, maana huko soko limebeba karibu kila kitu. Wakristo ni kama asilimia 1 ya Wajapani. Tarehe 25 Desemba ikiwa katikati ya wiki, ofisi ziko wazi, benki ziko wazi, na treni za asubuhi zimeshona watu kama kawaida. Lakini tangu Novemba miti ya barabarani mjini Tokyo imevishwa taa, na madukani nyimbo za Krismasi zinapigwa hadi muuzaji anaziimba bila kujua maneno yake. Chakula cha sikukuu ni kuku wa KFC. Kampuni hiyo ilifungua duka lake la kwanza Japani mwaka 1970, na mwaka 1974 ikatoa tangazo la nchi nzima lililosema, kwa ufupi, kwamba Krismasi ni Kentucky. Bata mzinga hapatikani kirahisi kule, na jiko la kawaida la Kijapani halina tanuri la kumtosha ndege mzima, hivyo tangazo lilikuta nafasi wazi. Leo watu huagiza ndoo yao ya kuku wiki kadhaa kabla, na asiyeagiza mapema hupanga foleni jioni kwenye baridi, mbele ya sanamu ya yule mzee wa KFC aliyevalishwa joho jekundu la Santa.

Baada ya kuku inakuja keki. Si ile ya matunda yaliyolowekwa ambayo Waingereza walituachia. Hii ni laini, imepakwa krimu nyeupe tupu na juu imepangwa stroberi nyekundu. Kampuni ya Fujiya ndiyo iliyoitangaza sana kuanzia miaka ya 1920, na watu husema nyekundu na nyeupe, ambazo kwa Wajapani ni rangi za heri, ziliisaidia kupendwa. Keki hiyo ikifika tarehe 26 hainunuliki tena. Miaka ya 1980 palikuwa na mzaha mbaya wa kumwita msichana aliyepita miaka 25 bila kuolewa "keki ya Krismasi". Siku hizi wanaolewa wakiwa wakubwa zaidi na mzaha umekosa wachekaji.

Usiku wa tarehe 24 ni wa wapenzi: mikahawa imejaa meza za watu wawili wawili. Familia inakutana Mwaka Mpya, siku ambayo watu husafiri kwenda kwao, huenda hekaluni, na watoto hupewa bahasha za pesa kama wetu wanavyopewa mkono wa Idi. Kwa Mzungu wa Ulaya mambo yamegeuzwa, kwake Krismasi ndiyo ya familia na Mwaka Mpya ndio wa kujirusha. Tarehe 26 asubuhi miti imeshang'olewa madukani na milango imepambwa matawi ya msonobari na mianzi ya kukaribisha mwaka.

Kwa nini basi serikali ya Japani haitoi mapumziko? Si kwa chuki. Katiba yao ya 1947 ilitenga dola na dini, na sheria ya sikukuu iliyotungwa mwaka uliofuata haina hata sikukuu moja yenye jina la dini, ikiwemo dini yao wenyewe. Tarehe 23 Novemba, iliyokuwa siku ya kale ya kushukuru mavuno kwa ibada ya Kishinto katika kasri la mfalme, ilibadilishwa jina ikawa siku ya kushukuru kazi. Kama miungu ya nyumbani ilivuliwa kofia, Krismasi ingeingilia mlango gani?

Na hapa kuna kitu kinachonifurahisha kila nikikikumbuka. Japani iliwahi kuwa na mapumziko tarehe 25 Desemba, tena kwa miaka 20, kuanzia 1927 hadi 1947. Mfalme Taishō alifariki dunia tarehe 25 Desemba 1926, na siku ya kumkumbuka ikaingizwa kwenye kalenda. Watu walikaa nyumbani siku ya Krismasi kwa sababu ya msiba wa mfalme wao, na kipindi hichohicho wenye maduka ya keki walipata wateja walio na nafasi.

Japani haiko peke yake katika sadfa hii. Pakistani, ambako Waislamu ni zaidi ya asilimia 95, tarehe 25 Desemba ni mapumziko ya taifa zima. Ukiona orodha ya sikukuu zao utadhani ni ukarimu kwa Wakristo, kumbe ni siku ya kuzaliwa Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa taifa, aliyezaliwa Karachi tarehe hiyo mwaka 1876. Asubuhi gwaride la kubadilishana ulinzi hufanyika kwenye kaburi lake, na saa hizohizo makanisa ya Lahore na Karachi yamejaa watu wanaosherehekea Bara Din, yaani Siku Kubwa, jina la Krismasi kwa Kiurdu. Kinachoonyesha kwamba serikali haikuchanganya mambo ni tarehe 26: hiyo nayo ni mapumziko, ila kwa Wakristo peke yao. Taiwan nako tarehe 25 Desemba ni Siku ya Katiba, ilifutwa kama siku ya mapumziko mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kurudishwa kwa sheria mwaka 2025. India inaipumzikia Krismasi yenyewe kwa jina lake, lakini mwaka 2014 serikali iliitangaza pia kuwa Siku ya Utawala Bora, kwa kuwa waziri mkuu wa zamani Atal Bihari Vajpayee alizaliwa tarehe 25 Desemba 1924. Wapo Wahindi waliolalamika kwamba jina hilo la pili lilikusudiwa kulifunika la kwanza. Kwa hiyo ukisikia kwamba nchi fulani "imetoa Krismasi", uliza kwanza imetoa kwa jina gani.

China bara ni siku ya kazi. Vijana wa mijini huipenda, na usiku wa tarehe 24 hupeana tofaa lililofungwa kwenye karatasi ya rangi, kwa sababu ya mchezo wa maneno: tofaa huitwa píngguǒ, na usiku ule huitwa Píng'ān Yè, Usiku wa Amani. Hakuna Biblia humo, ni sauti mbili zilizofanana tu. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutengenezwa na kuuzwa Yiwu, mkoa wa Zhejiang, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua vichochoro vyake. Mti wa plastiki uliosimama sebuleni kwako umekunjwa na mtu ambaye tarehe 25 yuko kiwandani.

Turudi Ghuba, kwenye swali la baba mdogo.

Umoja wa Falme za Kiarabu hauna Krismasi kwenye orodha ya sikukuu zake. Orodha ina Idi mbili, Siku ya Arafa, Mwaka Mpya wa Kiislamu, Maulidi, Siku ya Taifa, na Januari mosi. Wakati huohuo kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria mjini Dubai lipo tangu 1967, kwenye kiwanja alichokitoa mtawala wa wakati ule, Sheikh Rashid. Siku za Krismasi misa hufuatana pale kutwa nzima kwa Kiingereza, Kiarabu, Kimalayalam, Kitagalog na lugha nyingine, watu wakifurika hadi uani. Maana Wakristo wa Ghuba, ukiacha Waarabu wachache, ni wageni: Wafilipino, Wahindi, Walebanoni, Waafrika. Katari ilipofungua kanisa lake la kwanza la Kikatoliki mwaka 2008, lilijengwa bila msalaba wala kengele kwa nje. Oman ina makanisa Ruwi na Ghala, ndani ya jiji la Maskati, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos. Saudia haina kanisa hata moja, ingawa miaka ya karibuni miti ya Krismasi imeanza kuuzwa Riyadh bila kufichwa chini ya kaunta. Soko limetangulia, kanisa liko nyuma yake mbali sana.

Utaratibu ni huu, hata kama haujaandikwa mahali pamoja: salini ndani ya uzio, msihubiri nje ya uzio. Duka linaruhusiwa kutoka nje kwa sababu halihubiri, linauza. Na wakati mwingine hata uuzaji huona aibu. Mwaka 2010 hoteli ya Emirates Palace ya Abu Dhabi ilipamba mti wake kwa vito vyenye thamani ya zaidi ya dola milioni 11. Dunia ikapiga kelele, na baada ya siku chache hoteli yenyewe ikasema inajutia jambo hilo.

Kuna jambo la Ijumaa, ambalo aliyekaa Ghuba hulijua kwa mwili wake. Mapumziko ya wiki huko kwa kawaida ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi. Kwa hiyo makanisa yalizoea kusali misa ya Jumapili siku ya Ijumaa. Mhubiri anasema "Jumapili hii" na kila mtu kanisani anajua leo ni Ijumaa. Falme za Kiarabu zilihamisha mapumziko yao kwenda Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, kwa sababu za biashara na masoko ya dunia, na Wakristo wakajikuta wamepewa Jumapili yao bila kuiomba. Oman haijahamisha. Hapo ndipo tofauti ya dada yangu na yule jamaa wa Dubai inapoanzia, ingawa si yote. Jamaa ana kazi ya ofisi, ana likizo ya mwaka ya kuchukua anapotaka. Dada ni kadama, kama wanavyojiita wenyewe huko, na kalenda yake iko mkononi mwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Serikali ya Oman haikumkataza kusali na kanisa lipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuchambua mchele badala yake.

Zipo nchi zilizokataza kabisa, na hizo ndizo hufika kwenye vichwa vya habari. Somalia ilipiga marufuku sherehe za Krismasi Desemba 2015, ikieleza kwamba hazina uhusiano na Uislamu. Wageni wakaruhusiwa kusherehekea ndani ya makazi yao. Pamoja na hoja ya dini, palikuwa na hoja ya usalama. Tarehe 25 Desemba mwaka uliotangulia, Al-Shabaab walikuwa wameshambulia kambi ya Halane mjini Mogadishu, makao ya kikosi cha Umoja wa Afrika, ambacho wakati huo kilikuwa na wanajeshi kutoka Uganda, Burundi na Kenya. Mwaka huohuo wa 2015 Tajikistani nayo ilikataza miti na zawadi mashuleni, ila mti uliolengwa huko ulikuwa zaidi wa Mwaka Mpya, urithi wa enzi za Kisovieti.

Brunei ndiyo inayochanganya kuliko zote. Kuanzia Krismasi ya 2014 ilikataza mapambo na sherehe za hadharani, hata kofia ya Santa, kwa tishio la faini ya dola 20,000 za Brunei au kifungo kinachoweza kufika miaka 5. Wasio Waislamu wanaweza kusherehekea, ila wao kwa wao, kimya. Na tarehe 25 Desemba bado ni sikukuu ya kitaifa. Ofisi zinafungwa kwa heshima ya siku ambayo ukiipamba dukani unaweza kushtakiwa. Japani ina mapambo bila mapumziko, Brunei ina mapumziko bila mapambo. Ukiziweka nchi hizi mbili pembeni kwa pembeni, lile swali la "wanaisherehekea au hawaisherehekei" linakufa lenyewe.

Misri ina kisa tofauti, kwa sababu Wakristo wake si wageni. Wakopti walikuwepo kabla ya Uislamu kufika, na wao huadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari, kwa kufuata kalenda ya kale ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13. Kwa miongo mingi siku hiyo ilikuwa yao peke yao. Hosni Mubarak aliifanya sikukuu ya taifa zima kuanzia Januari 2003, na mwaka 2015 Abdel Fattah el-Sisi akawa rais wa kwanza wa Misri kuingia kanisani katika misa ya mkesha. Iraki nayo iliifanya tarehe 25 Desemba sikukuu ya taifa zima mwaka 2018, wakati ambapo Wakristo wengi walikuwa wameshakimbia nchi. Nakiri hii inanitatiza: sikukuu ilikuja waliposhaondoka wengi wa kuisherehekea. Wanaoitetea husema ni mlango ulioachwa wazi ili warudi.

Indonesia ina Waislamu wengi kuliko nchi nyingi mno duniani, na Krismasi ni sikukuu rasmi kule. Mjini Jakarta msikiti mkuu wa Istiqlal na kanisa kuu la Kikatoliki vinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara, na siku za sikukuu kubwa mmoja humwazima mwenzake maegesho ya magari. Wamechimba hata njia ya chini kwa chini kuviunganisha, wakaiita Silaturahmi, neno ambalo Mswahili wa pwani halihitaji kutafsiriwa. Lakini hata huko kuna ubishi. Mwaka 1981 Baraza la Maulamaa, likiongozwa na mwanachuoni Hamka, lilitoa fatwa ya kuwakataza Waislamu kushiriki ibada na shughuli za Krismasi za pamoja. Serikali ilichukia, Hamka akajiuzulu uenyekiti badala ya kuifuta. Kumbuka fatwa ile ilihusu kushiriki ibada. Kama inajuzu kumwambia jirani "Krismasi njema", hilo ni suala jingine, na maulamaa wanavutana nalo kila Desemba, Jakarta hata Mombasa.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 2000 mabomu yalitegwa makanisani katika miji kadhaa ya Indonesia. Mojokerto, Java Mashariki, kijana Mwislamu aitwaye Riyanto alikuwa zamu ya kulinda kanisa la Eben Haezer pamoja na wenzake wa Banser, kundi la vijana la jumuiya ya Nahdlatul Ulama. Alipogundua kifurushi kina bomu alilibeba kulitoa kwenye watu, likamlipukia. Alikuwa na miaka 25. Mpaka leo Banser hushika zamu makanisani mkesha wa Krismasi, wamevaa magwanda yao, wakati ubishi kuhusu salamu unaendelea mitandaoni.

Nilimtumia baba mdogo maelezo haya yote kwa ufupi. Akajibu, "Mbona Zanzibar ni hivyohivyo?" Ana haki, ila si sawasawa. Zanzibar karibu wote ni Waislamu, na Krismasi ni mapumziko kwa sababu ni sikukuu ya Tanzania nzima. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, liliwekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya soko hilo kufungwa. Wasimulizi wa Mji Mkongwe husema Sultani Barghash alilizawadia kanisa saa ya mnara kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa kasri lake. Ukipita Darajani tarehe 25 utakuta vinyozi wanafanya kazi, urojo unauzwa, na watoto wa Kiislamu wanafaidi siku isiyo na shule. Mti wa Krismasi utauona hotelini, upande wa watalii. Kule Mkunazini na Minara Miwili, kanisa la Kikatoliki, watu wametoka misani wanasalimiana na majirani waliokaa barazani. Hakuna anayeuliza kama inajuzu, au akiuliza humuuliza shehe wake baadaye.

Dada yangu alikwenda kanisani Ghala siku iliyofuata, tarehe 26, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na Ijumaa ana saa zake chache. Alituma picha: kitenge kipya, viatu vya kuazima, nyuma yake uwanja wa magari uliojaa Wafilipino na Wahindi. Mwaka 2026, akaniambia, Krismasi yenyewe itaangukia Ijumaa. Alishaizungushia duara la wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Madam alipoiona akamuuliza siku hiyo kuna nini, na yeye akamjibu, "Ni Ijumaa tu, madam."